Zawadi za Kufuma za Krismasi: Kasoro Zinazojirudia, Chanzo Chake na Tiba Yake

Desemba ikikaribia, wanaofuma masweta, kofia na soksi za kugawa nyumbani hukwama mahali palepale. Sweta la mtoto linatoka kubwa kumtosha kaka yake. Skafu iliyoanza na mishono 40 inafika katikati ikiwa na 46. Shingo haipiti kichwani. Nyekundu inachujia nyeupe usiku wa kuamkia mkesha. Kila moja ya kasoro hizi ina vyanzo vinavyojulikana, na nyingi hutibika kwa dakika chache wakati kazi ingali kwenye sindano. Ikishafungwa, ikashonwa na kufuliwa, kazi ya nusu saa inakuwa ya siku mbili. Kwa hiyo kwa kila dalili tunaanza na cha kuangalia na kuhesabu, ndipo tunafika kwenye kufumua, na tunasema pale ambapo ni afadhali kuacha na kumpelekea fundi.

Maneno mawili ya kuelewana. Mshono wa mbele ni ule unaofumwa uzi ukiwa nyuma ya kazi. Mshono wa nyuma ni ule unaofumwa uzi ukiwa mbele, upande wako. Ukifuma mstari mmoja wote mbele na unaofuata wote nyuma, unapata kitambaa laini chenye V ndogondogo upande mmoja na vinundu upande wa pili. Ukifuma mishono ya mbele tupu kila mstari, pande zote mbili zinakuwa na vinundu.

Vya kuwa navyo karibu: futikamba, rula, sindano ya kroshia ya mm 3.5 au 4, sindano butu ya kushonea uzi wa sweta, pini za kufunga kama 10, uzi mwembamba wa rangi tofauti, mizani ya jikoni, daftari.

Sweta limetoka kubwa mno, au dogo mno

Hii ndiyo inayoongoza kwa malalamiko, na huumiza kwa sababu hugundulika mwishoni.

Anza na sindano. Namba iliyogongwa kwenye kichwa cha sindano haina maana moja duniani. Kwa hesabu ya zamani ya Uingereza, ambayo bado iko kwenye sindano nyingi za urithi, namba 8 ni mm 4. Kwa hesabu ya Marekani namba 8 ni mm 5. Namba 6 ni kinyume chake: ya Uingereza ni mm 5, ya Marekani ni mm 4. Namba 10 ya Uingereza ni mm 3.25 na ya Marekani ni mm 6, karibu mara mbili. Mtu anachukua maelekezo ya Marekani kwenye intaneti, anafumia sindano za bibi, na sweta la mtu mzima linatoka la kijana. Amini milimita peke yake. Kama huna kipimo cha matundu, zungusha kipande chembamba cha karatasi kwenye sindano, weka alama pale kinapokutana, pima urefu huo, kisha gawa kwa 3.14. Karatasi ya mm 12.5 ni sindano ya mm 4. Ya mm 15.7 ni ya mm 5. Na anayefumia spoku za baiskeli ajue kuwa kwa kawaida zina unene wa mm 2 tu. Zinafaa soksi za uzi mwembamba. Sweta la uzi wa kawaida litakuwa gumu kama mkeka.

Chanzo cha pili ni kuruka kipande cha majaribio. Anzisha mishono 30, fuma mistari 40, fua kipande hicho kama utakavyofua sweta, kikaushe kikiwa kimelala, halafu pima katikati, si pembezoni. Uzi wa kawaida wa sweta kwa sindano za mm 4 hutoa mishono 22 na mistari 28 kwa kila sm 10. Chukua sweta la kifua cha sm 80: linataka mishono 176 kuzunguka. Mkono wako ukikaza ukapata mishono 24 kwa sm 10, mishono ileile 176 itakupa sm 73. Ukilegeza ukapata 20, itakupa sm 88. Mishono miwili ya tofauti kwenye kipande kidogo ndiyo sentimita 7 au 8 mwilini. Ukipata mishono mingi kuliko inavyotakiwa, panda sindano kwa nusu milimita; ukipata michache, shuka. Usijaribu kuulazimisha mkono ukaze au ulegee, kwa maana baada ya mistari kumi utarudia mwendo wake wa siku zote.

Tatu, uzi si ule uliotajwa. Uzi mwingi sokoni unauzwa bila lebo. Uviringe kwenye rula bila kuuvuta, mizunguko ikigusana bila kupandana, ujaze sm 2.5. Mizunguko 12 hadi 14 ni uzi wa kawaida. 9 hadi 11 ni mnene. 15 hadi 18 ni mwembamba.

Nne, mkono wenyewe umebadilika njiani. Mwanzoni unafuma kwa utulivu, wiki ya mwisho unakaza. Pima tena upana kila baada ya sm 10.

Tano, umri. Moshi, Lushoto, Njombe, Makete, Limuru, kote huko baridi yenyewe ni kuanzia Juni, si Desemba. Sweta la mtoto wa miezi sita linalotolewa Krismasi litahitajika atakapokuwa na mwaka. Fuma la umri wa Juni, na ukunje mikono kwa sasa. Jamaa walioko Ulaya au Marekani Kaskazini wao wako kwenye baridi siku hiyohiyo, hivyo kwao fuma la leo.

Marekebisho: ikiwa umefuma chini ya sm 15, fumua yote. Ni vigumu kukubali, lakini hakuna njia ya mkato iliyo bora. Sweta lililokwisha na likabana, fumua mshono wa ubavuni pande zote mbili, fuma vipande viwili vya upana wa sm 3 hadi 5 vya mbele moja, nyuma moja, kutoka pindo hadi kwapani na kuendelea chini ya mkono, kisha vishonee katikati. Vikiwa vya rangi ya ukingo vinaonekana vimekusudiwa. Likiwa refu mno au pana mno, na linahitaji kukatwa, simama. Kitambaa cha kufuma kikikatwa bila kufungwa huporomoka chote. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kufumia au ovaloki, na umpe uzi uliobaki.

Mishono inaongezeka au inapungua yenyewe

Skafu inatanuka upande kama tanga. Chanzo nambari moja kiko kwenye mshono wa kwanza wa mstari. Ukiupitisha uzi juu ya sindano kuupeleka nyuma, mshono wa chini unavutwa na miguu yake miwili inajitokeza kama mishono miwili. Unafuma yote miwili, mstari umeongezeka mmoja. Kabla ya kuanza kila mstari, uvute uzi chini, mbele ya kazi, utazame: kitanzi kimoja tu kinatakiwa kukaa pale. Kisha upeleke nyuma ukipitia chini ya ncha ya sindano.

Chanzo kinachofuata ni kusahau kuhamisha uzi unapotoka mbele kwenda nyuma katika ukingo wa moja mbele moja nyuma. Uzi unapita juu ya sindano na kuwa mshono wa bandia wenye tundu chini yake. Cha tatu, ncha ya sindano inagawanya uzi na unafuma nusu mbili kama mishono miwili. Hutokea sana kwa uzi wa akriliki uliosokotwa kwa ulegevu na sindano zenye ncha kali. Cha nne huongeza mistari, si mishono: uliiweka kazi chini ukiwa katikati ya mstari, ukaishika tena kwa kugeuza upande. Ukiona upande mmoja una mistari miwili zaidi ya mwingine, ndicho hicho. Weka kazi chini mstari ukiwa umekwisha. Ukilazimika kuacha katikati, kumbuka kwamba uzi unaotoka kwenye bonge lazima uwe mkono wa kulia.

Kupungua kuna vyanzo viwili tu: mshono umeporomoka, au umefuma miwili kwa pamoja.

Hesabu kila baada ya mistari minne. Kwa kazi pana, tia kitanzi cha uzi wa rangi nyingine kila baada ya mishono 20, uwe unahesabu kundi moja moja. Mshono wa bandia wenye tundu uliopita mistari michache, uache uporomoke kutoka kwenye sindano hadi pale ulipoanzia. Uzi wake unamezwa na jirani zake, na baada ya kufua hutauona. Kwa skafu isiyo na nakshi, kufuma miwili pamoja pembeni kunatosha. Kwa kazi yenye mchoro hakutoshi, kwa maana kila kitu kitasogea hatua moja hadi juu. Fumua.

Kuna ngazi, mshono umeporomoka

Usiivute kazi, usiitikise, usiendelee kufuma. Iweke mezani penye mwanga. Tafuta kitanzi kilicho wazi chini ya ngazi na ukichome pini ya kufunga ili kisishuke zaidi. Sasa una muda wa kutosha, hata ukitaka kuacha hadi kesho.

Geuza upande wa V ukuangalie. Ingiza ndoano ya kroshia kwenye kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma. Juu yake utaona vipago vya ngazi, nyuzi zilizolala moja juu ya nyingine, kila kipago ni mstari mmoja. Nasa kipago cha chini kabisa, si kinachokaribia mkono wako, na ukivute kipite katikati ya kitanzi kuja mbele. Kipago kimekuwa kitanzi kipya. Rudia hadi juu, kisha weka kitanzi cha mwisho kwenye sindano ya kushoto, mguu wake wa kulia ukiwa mbele ya sindano. Ukikaa kinyume mshono utatoka umejisokota. Ukiruka kipago, utakiona kimelala nyuma kama uzi uliokufa. Shuka ukachukue.

Kwa kazi ya mbele tupu, kipago kimoja unakivuta ukiwa mbele ya kazi, kinachofuata ukiwa nyuma yake, kwa zamu. Ni kazi ya subira.

Kuna hali moja inayowachanganya wengi: umepandisha mshono, na safu hiyo wima imebana hadi kitambaa kinafinyana. Maana yake mshono uliporomoka zamani, nawe ukaendelea kufuma bila wenyewe. Mistari ya juu haikuwahi kuutengea uzi, hivyo vipago unavyovuta ni vifupi mno. Ikiwa ni mistari mitatu au minne, gawa ulegevu kutoka kwa majirani kwa ncha ya sindano. Ikizidi hapo, fumua hadi pale ulipoanguka. Kwa zawadi iliyokwisha kushonwa, kifunge kitanzi kwa nyuma kwa uzi wa rangi hiyohiyo, mishono mitatu, na ufiche mkia.

Kabla ya kufumua mistari mingi, pitisha uzi mwembamba kwa sindano butu kwenye mguu wa kulia wa kila mshono wa mstari mmoja ulio mzima. Fumua hadi uzi huo. Mishono itasubiri hapo bila kukimbia.

Skafu inajikunja kama mrija

Kitambaa laini cha mbele-nyuma hujikunja kwa maumbile yake: pembeni hujikunjia upande wa vinundu, juu na chini hujikunjia upande wa V. Hukukosea kufuma; ulichagua kitambaa kisichofaa kusimama bila ukingo. Kuloweka na kupigilia pini hutuliza sufu kwa muda, akriliki haisikii.

Ikiwa ndio kwanza umeanza, fumua, weka mishono 5 ya mbele tupu kila upande na mistari 6 ya mbele tupu mwanzo na mwisho. Ikiwa iko nusu, ikunje katikati kwa urefu na uishone iwe tabaka mbili. Upana wake unapungua, lakini inakuwa nene na yenye joto, na babu hatajua kuwa ulipanga vingine.

Shingo haipiti kichwani

Pima kichwa, si shingo. Mtoto mchanga ana takriban sm 35, wa miezi sita sm 43, wa mwaka sm 46, wa miaka mitatu hadi minne sm 50, mtu mzima sm 55 hadi 58. Shingo ikivutwa lazima ifike hapo.

Ivute kwa mikono miwili na uangalie kinachogoma. Ukiona mstari wa mwisho umekaza kama kamba ilhali kitambaa chini yake bado kina nafasi, ulifunga mishono kwa kukaza, na hiki ndicho chanzo cha kawaida zaidi. Fumua ule mstari wa kufungia peke yake na ufunge tena kwa sindano iliyozidi kwa milimita moja. Kama bado, fungia hivi: fuma mishono miwili pamoja mbele kwa kupitia nyuma ya vitanzi, rudisha mshono uliopatikana kwenye sindano ya kushoto, rudia hadi mwisho. Ufungaji huo unavutika vizuri.

Ukingo wote ukigoma, uliokota mishono michache kuzunguka shingo. Kwenye sehemu za wima okota mishono 3 kwa kila mistari 4. Pale palipofungwa, mmoja kwa mmoja. Na ikiwa hata kitambaa cha chini kimebana, tundu la shingo lenyewe ni dogo. Hapo fumua mshono wa bega la kushoto kwa sm 6 hadi 8, fuma ukingo mdogo pande zote mbili, weka vifungo viwili au vitatu. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili ningeshauri ufanye hivyo tangu mwanzo, hata kama shingo inapita: mama anayemvalisha mtoto anayelia atakushukuru.

Upindo wa chini unaobana kama mpira una dawa ileile: anzisha mishono kwa sindano mbili zilizoshikwa pamoja, kisha chomoa moja.

Vifungo vya watoto vishonwe kwa uzi imara wa cherehani, si uzi wa sweta, kisha uvute kila kimoja kwa nguvu. Kinachocheza kitang'oka, na kitaingia mdomoni. Kofia za wachanga zisiwe na kamba za kufungia shingoni.

Mikono haifanani urefu

Ulipima kwa futikamba. Kitambaa kinavutika, na kila unapopima unakivuta kwa kiasi tofauti. Hesabu mistari na uiandike: mahali pa kila kuongeza, jumla hadi kwapa. Njia isiyokosea ni kufuma mikono yote miwili kwa wakati mmoja kwenye sindano ndefu, kila mmoja na bonge lake.

Kofia ya mduara imejisokota

Ulipounganisha mduara, ukingo wa mwanzo ulikuwa umepinda juu ya sindano. Ukigundua ndani ya mstari wa kwanza, geuza kazi kupitia ule uzi mmoja wa kiungo na uendelee. Ukishafuma mistari mitatu hakuna tiba ila kufumua. Fuma mstari wa kwanza kwa kwenda na kurudi, ndipo uunganishe wa pili. Pengo dogo linafungwa kwa mkia wa uzi.

Mchoro wa rangi mbili umefinyana

Nyota na miti ya Krismasi hufumwa kwa rangi mbili, ile isiyotumika ikipita nyuma. Uzi wa nyuma ukikazwa, mbele pananyauka. Kila unapobadili rangi, tandaza mishono ya sindano ya kulia hadi ifikie upana wake halisi, ndipo uvute rangi mpya. Rangi ikipita nyuma ya mishono zaidi ya 5, isokote na mwenzake katikati. Nyuzi ndefu za ndani hunasa vidole vya mtoto. Kwa sweta la mchanga weka mchoro kifuani tu, usiuweke mikononi. Kufinyana kidogo hulainika kwa kufua. Kukizidi, hakuna pasi itakayokuokoa.

Nyekundu imechujia nyeupe

Rangi za msimu wenyewe ndizo zenye hatari hii, kwa hiyo pima kabla ya kuanzisha mshono wa kwanza. Kata sm 20 za uzi mwekundu, zilowe nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni, kisha zikamue ndani ya kitambaa cheupe cha pamba. Kitambaa kikibaki cheupe, endelea. Kikiwa na waridi, uzi una rangi ya ziada isiyoshika. Akriliki mara chache huchuja. Pamba na uzi uliotiwa rangi kwa mikono huchuja mara nyingi.

Kama hujui uzi wako ni wa nini, choma ncha ya sm 3 juu ya sinia la bati, ukiishika kwa koleo, maji yakiwa karibu. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Pamba inanuka karatasi. Akriliki inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha punje ngumu. Usiiguse ile punje, inashika ngozi.

Uzi unaochuja, uviringe uwe kitanzi kikubwa, ufunge kwa ulegevu sehemu nne usitatizike, na uusuuze kwa maji baridi yenye sabuni, ukibadilisha, hadi maji yatoke meupe. Watu watakuambia utie chumvi. Chumvi haishikishi rangi iliyokwisha kutiwa. Siki husaidia sufu yenye rangi za asidi ikipashwa moto. Kwa pamba haifanyi lolote.

Na kama imekwisha kuchujia? Isikauke. Usiianike, usiipige pasi, usiikunje ikiwa mbichi. Itumbukize mara moja kwenye beseni kubwa la maji baridi yenye sabuni, ielee bila kusongamana, badilisha maji kila dakika 15. Rangi iliyo mbichi mara nyingi hutoka kwa maji ya nne au ya tano. Usitie dawa ya klorini. Klorini hula sufu yenyewe, na nyekundu itapauka kwa mabaka. Waridi ikibaki baada ya saa mbili za kusuuza, acha kusugua, maana kusugua kutaigandamiza sufu. Fumua ule ukanda mweupe na uufume upya, au mpelekee dobi anayefua vitu vya sufu kwa mikono, ukimweleza ni uzi gani na umekwisha kutia nini.

Uzi unaisha, au mstari umebadilika rangi

Kwa uzi wa kawaida, buti za mtoto mchanga hula gramu 20 hadi 25, kofia 50 hadi 70, skafu 150 hadi 200, sweta la miaka miwili 200 hadi 250, la mtu mzima 500 hadi 650. Nunua zaidi kidogo kwa siku moja, na kama kuna lebo, soma namba ya mkupuo wa rangi, yaani uzi uliotiwa rangi kwa pamoja mara moja: mabonge yote yawe na namba moja. Nyeusi mbili za mikupuo tofauti hufanana dukani na kutofautiana juani.

Bonge likipungua, lipime kwenye mizani, fuma mistari miwili, lipime tena. Sasa unajua kila mistari miwili inakula gramu ngapi. Kufungia mishono kunataka uzi wa urefu wa takriban mara nne ya upana wa kazi, uutenge kabla. Ukilazimika kuchanganya mikupuo, fuma mistari miwili ya bonge hili na miwili ya lile, kwa zamu, angalau sm 8. Au itumie rangi iliyotofautiana kwenye shingo na kingo zote, mahali inapoonekana ni mpango.

Limeharibika kwenye kufua au kupiga pasi

Sufu ikifuliwa kwa maji moto na kusuguliwa, au ikatolewa kwenye maji moto na kuingizwa ya baridi ghafla, inagandamana. Tazama kwa karibu: ukiona bado V moja moja, loweka nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye kilainisho cha nywele, kisha nyoosha taratibu kwenye taulo na uipigilie pini. Inaweza kurudi kwa sehemu. Usipoziona V, haitarudi. Kata vitambaa vya kushikia sufuria, kwani sufu iliyogandamana ni hodari kwa joto. Kamwe usifume vya kushikia sufuria kwa akriliki, inayeyukia mkononi.

Akriliki iliyopigwa pasi inalegea, inang'aa na kuning'inia. Hapo hakuna fundi wala dobi atakayeirudisha. Ikihitaji kulainishwa, inyunyizie maji na kuiacha ikauke ikiwa imelala. Usianike kazi ya kufuma kwenye kamba: uzito wa maji utaivuta hadi magotini.

Vidole vinakufa ganzi

Kiganja kinachouma jioni kwa kawaida kimeshika sindano kwa nguvu kupita kiasi, au sindano ni nyembamba kwa uzi huo. Pumzika kila dakika 25, nyosha vidole, shusha mabega. Ganzi au kuchomachoma kwenye dole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, au kikombe kinaponyoka mkononi, ni jambo la daktari. Acha kufuma siku hiyo. Usisubiri Januari.

Siku hazitoshi

Hesabu mishono, si siku. Mfumaji wa kawaida hufuma kama mishono 20 kwa dakika. Skafu ya mishono 40 yenye urefu wa sm 160 ina mistari 448, yaani karibu mishono 18,000: saa 15. Sweta la miaka miwili nalo ni saa kama 15 bila kushona. Sweta la mtu mzima lina mishono zaidi ya 54,000, saa 45. Kofia ya mtu mzima ni saa 5. Skafu ya uzi mnene kwa sindano za mm 6, mishono 28, urefu sm 150, ni mishono 8,400, saa 7. Ikiwa ni tarehe 18 na una saa mbili kila jioni, kofia mbili zinawezekana na sweta la shangazi haliwezekani.

Lililobaki nusu usilifunge ovyo ili lionekane limekwisha. Hamishia mishono kwenye uzi imara, funga ncha zake, andika kwenye karatasi mstari uliofikia na namba ya sindano, na ulipeleke hivyo hivyo pamoja na bonge lake. Sweta ambalo mikono yake imefumwa kutoka begani kushuka linafaidika kwa hilo: mvalishe babu likiwa na mkono mmoja wazi, mwambie anyooshe mkono, fuma hadi sm 6 kabla ya kifundo, ongeza ukingo wa moja mbele moja nyuma, ufunge kwa sindano kubwa. Kisha hesabu mistari ya mkono huo na uufume wa pili kwa idadi ileile.